Aliyelala na Kibao Ndiye Anayeamka Nacho

Sikuzaliwa mkali, kazi ndiyo iliyonifanya hivi. Ukifundisha Kiingereza tangu ujana mpaka mvi, Iringa kwanza na kisha Mbeya, ukasikia "he go" asubuhi na "I am go" jioni, utakuwa mkali hata kama ulilelewa kwa halua. Kwa hiyo ninyi walimu vijana mnaokuja hapa kwangu Soweto ya Mbeya kuniomba mbinu, huku mikononi mna simu zinazojua Kiingereza kuliko sisi sote, msinune nikiwakatiza. Kaeni. Chai ya tangawizi ipo, na baridi ya leo haina adabu.

Mnaniuliza watoto wanakwama wapi kwenye wakati uliopo. Wanakwama palepale walipokwama wazazi wao. Kwetu neno moja hubeba mizigo miwili. Nikisema "mama anauza viazi", huenda yuko sokoni sasa hivi, huenda yuko nyumbani amelala ila hiyo ndiyo kazi yake. Sisi tunaelewana tu, tunasonga mbele. Mwingereza hasongi mpaka umwambie ni lipi kati ya hayo mawili. Ndiyo maana siku yangu ya kwanza darasani pale Iringa nilimuuliza kijana anaishi wapi, akasimama wima akajibu, "Madam, I am sitting at Kihesa." Nikamwambia, mwanangu, wewe umesimama mbele yangu. Darasa zima likanitazama kana kwamba mimi ndiye sijui Kiswahili.

Aliyenitoa gizani ni mwalimu Kihwele, Mhehe mmoja mrefu aliyekuwa mkuu wa idara yetu. Mimi binti wa duka la vitambaa, babu yangu alipanda huku kutoka pwani na mzigo wa kanga, nilikuwa nimejaza ubao mzima kwa kanuni. Kihwele akaingia, akasoma, akafuta zote. Akatoa mfukoni kiazi na kisu. Akaanza kumenya mbele ya wanafunzi, akisema kwa Kiingereza kwamba anamenya: I am peeling. Kisha akaweka kisu mezani, akakunja mikono, akasema kwamba yeye humenya viazi kila siku: I peel potatoes every day. Akachukua kisu tena, akakiweka tena, mpaka darasa likawa linaitikia lenyewe.

"Madam Saida," aliniambia tukiwa nje, "mkono ukiwa kazini, weka ing. Mkono ukipumzika, toa ing. Na ukimsema mtu ambaye hayupo, mpe s yake, ndiyo posho yake. Utamsengenya bure?"

"Na kupenda je? Na kujua?"

"Hayo ni ya moyoni. Moyo haushiki kisu. Usimwekee ing."

Hiyo ndiyo mbinu mnayoitaka, nimewapa bure. Beba kiazi, beba jembe, beba ndoo, lakini usipige jembe sakafuni kama nilivyofanya mimi, maana ule ufa pale Iringa nasikia upo hadi leo. Na mwache mtoto akosee. Mficha uchi hazai, na mtoto anayeficha Kiingereza chake kibovu hatapata kizuri. Nililisema hilo kwa maneno kwa miaka mingi. Nilikuja kulielewa nilipohamia Mbeya, kwa sababu ya binti mmoja aliyeitwa Atupele na kipande cha mbao.

Shule yenyewe ilikuwa ya bweni, juu huko ambako ukungu unaamka kabla ya watu. Sitaitaja. Mkuu wa shule naye nitamwita Mkuu tu, inatosha. Alikuwa mtu safi, viatu vinang'aa hata msimu wa mvua, na alikuwa na imani moja: mtoto atajua Kiingereza akikatazwa Kiswahili. Tangu nifike sikuwahi kumsikia akitamka neno la Kiswahili ndani ya uzio. Hata mpishi alimwagiza maharage kwa Kiingereza, na mpishi alijibu "yes sir" kisha akapika anachojua.

Silaha yake ilikuwa kibao. Mbao nyepesi yenye kamba, imeandikwa maneno ya kumdhihaki aliyekivaa kwamba kaongea Kiswahili. Kilikuwa kimoja tu shule nzima. Ukikamatwa unaongea Kiswahili, au Kinyakyusa, au Kisafwa, unavishwa. Unakaa nacho mpaka nawe umsikie mwenzako akiteleza, umvishe yeye. Jioni kikimkuta nani, huyo anafyeka majani mpaka giza, kisha anakitundika msumarini mbele ya ofisi, ila kinahesabiwa bado ni chake. Na asubuhi mstarini mwalimu wa zamu huita, aliyelala nacho anatoka mbele, anainamisha shingo, anavishwa upya.

Mmekiona? Basi mnajua kinavyofanya. Nilipofika nilikuta watoto wanaowindana. Rafiki anamkanyaga rafiki makusudi ili apige kelele kwa lugha ya mama yake. Wengine waliacha kusema kabisa. Chumba cha chakula kilikuwa kimya, watoto wanaombana chumvi kwa vidole. Kidato cha Kwanza ndio walioumia zaidi, maana walitoka shule za msingi za kijijini bila kitu, na hapa hata kuuliza "hii maana yake nini" ilikuwa kosa.

Kisha, mwaka ule ninaowasimulia, mambo yakatulia ghafla. Hakuna aliyekamatwa. Kila asubuhi anatoka mbele mtu yuleyule, Atupele wa Kidato cha Nne. Mwembamba, mtoto wa mjane mkulima wa viazi huko Uporoto, mpole wa kukukera. Kila jioni anafyeka yeye. Mikono yake iligeuka kuwa ya mzee.

Mkuu alifurahi sana. Alituambia kwenye kikao cha walimu, kwa Kiingereza chake kilichonyooka, kwamba kibao kimeshinda: shule nzima sasa inaongea Kiingereza, amebaki binti mmoja tu mkaidi. Walimu tukapiga makofi. Mimi nilipiga pia, ila moyo wangu ulikuwa na swali, kwa sababu huyo mkaidi ndiye aliyekuwa bora darasani kwangu.

Jibu nililipata siku moja baada ya chakula cha mchana, nyuma ya jiko, kwenye rundo la kuni. Nilikwenda kumtafuta mpishi, nikasikia Kiswahili. Si mnong'ono, Kiswahili chenye kicheko. Nikachungulia. Kidato cha Kwanza wamejaa juu ya magogo, na katikati yao Atupele, kibao shingoni, kijiti mkononi, ameandika chini kwenye vumbi.

"Nyie sikilizeni," alikuwa anasema. "Mama yako akiwa sokoni saa hizi, unasemaje?"

"Anauza viazi."

"Weka ing. Na kama ni kazi yake ya siku zote?"

"Anauzaga viazi!"

"Ehee. Ukiona mdomo wako unataka kusema ga, wewe toa ing. Anauzaga, she sells. Analimaga, she digs. Zawadi, sema wewe."

Zawadi alikuwa kitoto kimoja ambacho sikuwahi kusikia sauti yake tangu aripoti. Akasema, polepole, "Mama she sells." Wenzake wakampigia makofi ya vidole viwili ili yasisikike mbali.

Wanangu, hiyo "ga" nilikuwa nimeipiga vita tangu nianze kazi. Sisi wa asili ya pwani hutuumiza masikio. Na hapo kwenye kuni niliona imefungua mlango ambao kanuni zangu zote zilishindwa kuufungua. Nilicheka kwa sauti, na hilo ndilo lililonifichua.

Wakaruka wote, wakatoweka. Atupele akabaki, maana mwenye kibao hana pa kukimbilia.

"Madam, nisamehe."

"Unafanya nini hapa?"

Akaanza kueleza, macho chini. Kibao ni kimoja, akasema. Kikiwa kwake, hakuna mwingine anayeweza kuvishwa mpaka yeye amkamate mtu. Yeye hamkamati mtu. Kwa hiyo siku nzima watoto wako huru, wanaulizana masomo, wanaelewa, na jioni anafyeka yeye peke yake.

"Tangu lini?"

"Tangu Zawadi alivyokivaa akakataa kula, madam. Nikaongea Kiswahili mbele yake makusudi, anivishe."

Nilitamani kumkumbatia na kumchapa kwa pamoja. "Nitamwambia Mkuu," nikasema.

Hapo ndipo aliponitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Madam, naomba usimwambie. Akijua atachonga vingine. Atavipeleka kila darasa."

Alisema kweli. Nilimjua Mkuu, angemwita fundi siku ileile. Nikaapa sitasema, nikarudi ofisini na siri yangu.

Haikupita muda ikaja habari ya chuo. Wafadhili fulani walitoa nafasi ya uuguzi, kila kitu juu yao, kwa msichana mmoja wa Kidato cha Nne wa shule yetu. Mmoja tu, na jina lilikuwa mkononi mwa Mkuu. Atupele alitaka uuguzi tangu baba yake alipofia nyumbani bila hata mtu wa kumpima homa. Akikosa hii, anarudi Uporoto kwenye viazi na wadogo zake, na safari yake inaishia hapo. Wote tulijua.

Nikaenda ofisini nikamtaja. Mkuu akaweka kalamu chini.

"Yule wa kibao?" akauliza kwa Kiingereza. "Madam Saida, chuo kinafundisha kwa Kiingereza. Nimpeleke mtu ambaye hawezi kupitisha hata siku moja bila Kiswahili?"

Ulimi uliniwasha. Ukweli ulikuwa pale mdomoni, na nyuma yake nikaona vibao shingoni mwa watoto wa kila darasa. Nikasema tu, "Mpime. Muulize wewe mwenyewe."

Akafikiri. "Vizuri. Ijumaa, mstarini, mbele ya wote. Akijibu vizuri nitaandika jina lake."

Siku zilizobaki nilikaa na Atupele jikoni kwangu. Kiazi na kisu, kama alivyonifundisha Kihwele. Nilimuuliza anaamka vipi, anafanya nini sasa, mama yake hufanya nini. Vitenzi vilikaa sawa, s haikusahaulika hata mara moja. Kilichonitia hofu ni kitu kingine. Akiulizwa na mtu mkubwa, alisahau hata jina lake. Kisu kilimteleza mkononi mpaka nikamnyang'anya nisije nikapeleka mgonjwa badala ya muuguzi.

"Na akiniuliza habari ya kibao, madam?"

"Hatauliza," nikasema. Nilijua anaweza kuuliza.

Ijumaa ukungu ulikuwa mzito, mstari wa nyuma huuoni. Atupele akatoka mbele kama kawaida, akainama, mwalimu wa zamu akamvisha. Safari hii Mkuu hakumruhusu arudi. Akamwambia apande ngazi, asimame juu, awatazame wenzake. Mimi nilisimama pembeni na walimu, mikono ndani ya kanga niliyojifunga juu ya sweta, nikisoma dua zote ninazozijua.

Mkuu akauliza hufanya nini kila asubuhi. Kimya. Kisha nikaona mkono wake wa kulia, chini pembeni mwa sketi, unamenya. Unamenya kiazi ambacho hakipo. Ukaacha, ukalala pajani, na sauti ikatoka. I wake up. I wash. I sweep the dormitory. Mama yake hufanya nini? She grows potatoes, she sells them at the roadside. Na sasa hivi, wewe unafanya nini? I am standing in front of the school. I am feeling cold, sir. Watoto wakacheka kidogo, hata Mkuu akatabasamu. Nilianza kuvuta pumzi.

"Good," akasema. Akakunja mikono nyuma, akaendelea kwa Kiingereza. "Sasa niambie. Unaweza kuongea hivi. Kwa nini basi huvaa kibao hiki kila siku?"

Niliwatazama Kidato cha Kwanza, wako mstari wa mbele kwa sababu ya ufupi, na hakuna aliyekuwa anapepesa macho. Walijua vizuri kama nilivyojua mimi. Akisema kweli, anajiokoa yeye na kuwauza wao. Nilimwomba Mungu binti aseme kweli. Nakiri hivyo, nilimtaka ajiokoe.

Atupele akawatazama wale wadogo. Kisha akasema, kwa Kiingereza kisicho na doa, "I wear it because I make mistakes, sir."

"Every day?"

"Yes, sir. Every day."

Mkuu akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, si ya kuigiza. Akasema imetosha, ashuke. Atupele akageuka kushuka ngazi, na mimi nikaona chuo kinashuka naye. Machozi yalinitoka, sioni aibu kuwaambia.

Ndipo ikasikika sauti kutoka mstari wa mbele. Ndogo, imekauka, Kiingereza kimevunjika kila mahali.

"No sir. She is wear for us."

Zawadi. Ametoka mstarini hatua moja, ameshika sketi kwa mikono miwili.

Mkuu akainama. "What?"

"Atu she is wear for us. We are not wear. She... she carry." Maneno yakamwishia. Akaanza kulia, lakini hakurudi nyuma.

Mkuu akanigeukia mimi, bado kwa Kiingereza. "Madam, mtoto huyu anasema nini?"

Sikuwa na pa kujificha tena, na kusema kweli nilikuwa nimechoka kujificha. Nikamweleza yote pale pale, kwa Kiingereza, shule nzima ikisikiliza: rundo la kuni, masomo, kwa nini hakuna aliyekamatwa. Nilipomaliza, Mkuu alikuwa amekuwa mweupe midomoni. Akaingia ofisini kwake, akafunga mlango, na sisi tukabaki uwanjani hatujui tuwatawanye watoto au tungoje. Mwalimu wa zamu alininong'oneza, "Dada, umetumaliza."

Aliniita baadaye. Nilikwenda nimejiandaa kwa barua ya uhamisho. Alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwangu.

"Ulijua," akasema, bado kwa Kiingereza.

"Nilijua."

"Na hukuniambia."

"Aliniomba nisikwambie. Aliogopa utachonga vingine."

"Ningechonga," akasema. Kisha akaniambia habari ambayo sikuitegemea. Naye alivaa kibao, shuleni kwao, akiwa mdogo. Alikaa nacho asubuhi moja tu. Kabla ya mapumziko alimfuata rafiki yake wa kijiji kimoja, akamsalimia kwa lugha ya kwao, salamu ya mama zao, ambayo mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kuacha kuitikia. Rafiki akaitikia. Naye akamvisha kibao. Rafiki hakuweza kukitoa kwa wiki nyingi, na likizo ilipoisha hakurudi shule.

"Mimi ndiye niliyefaulu Kiingereza," akasema. Akakaa, akavuta karatasi ya wafadhili, akaandika jina la Atupele.

Alikwenda, ndiyo. Leo ni muuguzi huko Iringa. Hunipigia simu, anauliza presha yangu kwa Kiswahili na kunigombeza kwa Kinyakyusa, na mimi Kinyakyusa sikijui hadi leo. Zawadi naye aliendelea kuvunja Kiingereza kila siku darasani kwangu, bila haya, mpaka kikamchoka kikanyooka chenyewe.

Lakini mliniuliza kuhusu mbinu, nami ninachotaka mwondoke nacho ni Jumatatu iliyofuata. Ukungu uleule, mistari ileile. Hakuna aliyetutangazia chochote. Atupele, kwa mazoea tu, akatoka mbele, akasimama mahali pake, akainamisha shingo, akangoja. Mwalimu wa zamu akatazama msumari kinapotundikwa kibao. Msumari ulikuwa mtupu. Akamtazama Mkuu.

Mkuu akashuka ngazi na viatu vyake vinavyong'aa, akakanyaga umande, akaenda mpaka alipo binti. Akamwinua kidevu kwa kidole. Na shule nzima, kwa mara ya kwanza tangu ujengwe uzio wake, ikamsikia akisema Kiswahili.

"Rudi mstarini, mwanangu."